Chai Isiyo na Chai

Usingizi ulinihama pole pole, kama mpangaji mwenye haya anayetoa vyombo vyake kimoja kimoja gizani ili majirani wasimsemeseme. Na siku nilipotanabahi kwamba nyumba imebaki tupu ilikuwa imekwisha kupita miezi mitatu, nami nalala saa nane za usiku na kuamka saa kumi, kisha nakwenda afisini kujumlisha fedha za watu wengine kwa macho mekundu kama ya mvuvi aliyekesha na nyavu zake akarudi na chombo kitupu. Kazi yangu ni ukarani wa hesabu, mjini Dar es Salaam, na karani wa hesabu asiyelala ni hatari kwa nafsi yake na kwa mali ya wenziwe. Nilikwenda kwa tabibu, mtu mpole mwenye subira, akanipima damu na moyo, akasema viungo vyangu vyote vinatenda kazi yake kama itakiwavyo. Akanipa vidonge, nikavinywa, nikalala usingizi mzito usio na ndoto, na mchana wake nikawa kama gogo lililolowana, hata siku moja nikaandika mapato mahali pa matumizi na matumizi mahali pa mapato, kosa ambalo katika miaka 26 ya kushika kalamu sikupata kulifanya. Vidonge nikavifungia sandukuni. Usiku nikarejea desturi yangu ya zamani, yaani kukaa mezani na vitabu vya hesabu, na taa, na chupa ya chai ya rangi iliyokolea tangawizi, nikingoja kuche.

Sahibu yangu mmoja, mzaliwa wa Pemba, ambaye meza yake inaelekeana na yangu, alinitazama siku nyingi bila ya kusema neno, kwa maana hana pupa ya kuingilia jambo la mtu, hata ulipofika mwezi wa Novemba, nami nina wiki mbili za likizo na sijui pa kuzipeleka, akaniambia, "Nenda kwa bibi yangu. Atakupa mchaichai." Nilicheka, kwani mchaichai nilikuwa naujua tangu utoto, umeota nyuma ya jiko letu karibu na mahali pa kumwagia maji machafu, na sikupata kudhani kwamba mtu aweza kuvuka bahari kuufuata. Wengine afisini walipopata habari kwamba nakwenda Pemba kutafuta dawa walikonyezana, madhali kisiwa kile kimevishwa sifa ya uganga na watu ambao aghalabu hawajakikanyaga. Na mmoja wao alinitaka nimwachie ufunguo wa droo yangu, nisije nikarudi nimekuwa paka.

Kwa yule ambaye hajapata kuushika, mchaichai ni jamii ya nyasi. Hauna shina la kupanda wala tawi la kushika. Hutoka ardhini shada kwa shada, majani membamba marefu yafikayo kiunoni mwa mtu, yenye kingo kali kiasi kwamba mtoto akikimbia kati yake hutoka na michirizi ya damu miguuni. Ukilifikicha jani lake vidole vinanuka limau mpaka jioni, ijapokuwa baina ya nyasi hii na mlimau hapana udugu wowote, ila kwamba riha ile hutokana na kitu ambacho wanakemia hukiita sitrali. Nasi Waswahili tumeutendea mmea huu jambo la ajabu. Chai ya kweli ni mti wa milimani, wa Usambara na Rungwe na Kericho, na nyasi hii haina nasaba nayo hata ya mbali. Walakini lugha yetu, ambayo si rahisi kugawa majina ya heshima, imeipa jina la chai, tena ikalitamka mara mbili, kama aitwavyo mtu ambaye mara ya kwanza hakusikia. Jina hilo lilinidanganya, kama nitakavyosimulia.

Nilivuka hadi Unguja kwa boti ya asubuhi, nia yangu nipumzike usiku mmoja kabla ya kuendelea. Nyumba ya wageni niliyofikia, ambayo sitaitaja, ilikuwa moja ya nyumba za zamani za mjini, kuta zake nene, milango ya nakshi, na vyumba vyembamba virefu, maana wajenzi wa zama zile walipima upana wa chumba kwa urefu wa boriti za mikoko, na mkoko haurefuki kwa matakwa ya tajiri. Nilipomweleza kijana wa zamu kwamba usingizi wangu una maradhi, alikwenda kwa adabu akarudi na sinia, na juu ya sinia bilauri ya maji ya moto na kijifuko cha karatasi kilichofungwa uzi, kimeandikwa kwa lugha ya kigeni kwamba hiyo ndiyo chai ya usingizi mwema. Ndani yake mlikuwa na maua makavu ya babunaji. Nikauliza bei, akanitajia. Nikageuza uso dirishani nisimwonyeshe fadhaa yangu, na huko chini uani, kando ya pipa la maji, nikaliona shada la mchaichai limestawi, kubwa kuliko mtu aliyechutama, wala hapana aliyelitazama.

Sina ugomvi na babunaji. Ni ua lenye heshima yake tangu kale kwa Waajemi, Waarabu na Warumi, na ladha yake, ingawa yanikumbusha majani makavu ya ng'ombe, haidhuru. Lakini karani wa hesabu hawezi kuzuia akili yake isipige hesabu. Ua lile hulimwa kwa wingi nchini Masri, katika jimbo la Fayoum, na sehemu kubwa ya mavuno yake hupakiwa kwenda Ulaya. Basi huenda kijifuko kile kilikuwa kimetoka Afrika, kikapelekwa Ulaya kutiwa uzi na karatasi, kikarudi Afrika kwa nauli ya pili, ili kiuzwe katika kisiwa cha viungo kwa mtu ambaye chini ya dirisha lake pameota dawa ya bure. Nilikirudisha kijifuko bila kukilowesha, nikatoka.

Nikaenda Forodhani, nikaagiza chai ya mchaichai kwa sauti ya mtu ajuaye analolitaka. Ilikuja nyekundu kama kutu, tamu, inanukia uzuri. Nikanywa bilauri tatu na kuongeza ya nne kwa ajili ya safari. Nilirudi kwa njia ya vichochoro, nikapita barazani pa wazee wanaozungumza siasa, muuza kahawa amewasimamia na mdila wake wa shaba, nao wanapokea vikombe vidogo vya kahawa chungu kimoja baada ya kingine, saa nne za usiku, na bila shaka kila mmoja wao alikuwa anakwenda kulala fofofo. Mungu hakuwagawia waja wake maini ya namna moja. Mimi nililala chali katika chumba changu chembamba nikazihesabu boriti za dari; zilikuwa 19. Nikazihesabu tena kutoka upande wa pili, nikapata 19, jambo ambalo kwa desturi ya kazi yangu hunipa raha, lakini usiku ule halikunipa.

Kesho yake, kwa kuwa chombo cha Pemba kilikuwa cha siku ya pili, nilichukuliwa pamoja na wageni wengine kwenda Kizimbani na Kidichi, huko kwenye mashamba ya viungo na hamamu ambayo Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850. Mashamba yale yamekwisha elezwa na wengi, nami sioni haja ya kurudia. Nitasema tu kwamba kijana aliyetuongoza alitupitisha kwenye mdalasini, iliki, pilipili manga, vanila na mlangilangi kwa maelezo marefu, na tulipofika kwenye mchaichai akasema, "Huu mnaujua," akaupita.

Bahari ya Pemba katika mwezi wa Novemba, wakati pepo za kusi zimekwisha choka na za kaskazi hazijashika, hutulia ikawa kama kitambaa kilichopigwa pasi, na hata mimi niliyezaliwa bara sikupata kichefuchefu. Mkondo unaokitenga kisiwa kile na bara una kina cha mamia ya mita, na wenye elimu husema ndiyo sababu Pemba ina viumbe vyake isivyoshirikiana na mtu: popo wake mkubwa mlaji wa matunda, njiwa wake, na bundi wake mdogo ambaye nitakuja kumtaja kwa ubaya. Tulishuka Mkoani mchana. Kutoka hapo hadi Chake Chake barabara hupanda na kushuka vilima, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa mavuno, kando ya njia kila penye uwazi palikuwa pametandikwa majamvi, na juu ya majamvi karafuu, mbichi za kijani na nyekundu upande huu, kavu zilizokwisha geuka rangi ya kahawia upande ule. Harufu yake iliingia ndani ya gari ikaketi pamoja nasi kama abiria. Dereva alinieleza kwamba zamani Unguja ndiyo iliyokuwa na mikarafuu mingi, mpaka tufani kubwa ya mwaka 1872 ikaing'oa, na Pemba ikabaki salama ikarithi soko. Alilisema jambo hilo kwa furaha isiyofichika, kana kwamba tufani ile ilivuma juzi naye alikuwa na hisa ndani yake.

Bibi wa sahibu yangu alikuwa anakaa katika kijiji kimoja baina ya Chake Chake na Wete, katika nyumba ya udongo na bati yenye kibaraza kilichokandikwa vizuri. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka themanini na kitu, kanga mbili, miguu peku, anasuka ukili bila kuutazama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Za utokako?"

"Salama."

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Na usingizi?"

Nikajua kwamba simu ya mjukuu wake imenitangulia. "Huo umenitupa, bibi."

Hakuuliza lingine mpaka nilipokwisha kula, wali na mchuzi wa changu, na kunawa. Ndipo alipoweka ukili chini. Aliniuliza kama nanywa chai, nikasema nanywa. Wakati gani? Usiku, bibi, nikifanya kazi. Vikombe vingapi? Hapo nikaipunguza hesabu, kama nilivyoona wafanyabiashara wengi wakiipunguza mbele yangu, naye akanitazama kwa jicho ambalo laiti wakaguzi wetu wangekuwa nalo, serikali isingekosa senti moja.

"Na huko Unguja ulikunywa nini?"

"Mchaichai, bibi."

"Ulikuwa na rangi gani?"

"Mwekundu."

"Basi ulikunywa chai," akasema, akaokota ukili wake.

Ndivyo nilivyofundishwa, kwa maneno matatu, jambo ambalo lugha yangu mwenyewe ilikuwa imenificha. Katika pwani yetu mtu akiitisha chai ya mchaichai huletewa chai ya majani meusi iliyochemshwa pamoja na mchaichai. Nyasi hutoa harufu, na majani hutoa rangi na kazi. Bilauri zangu nne za Forodhani zilikuwa chai kali iliyovaa marashi. Mchaichai peke yake hautoi wekundu. Hutoa manjano ya mbali yenye kijani ndani yake, hata ukiutia katika kikombe cheupe wadhani ni maji yaliyopitiwa na kivuli cha mti.

Nitaeleza alivyoutengeneza, kwa sababu nimeona watu wengi wakikosea, na mimi nilikuwa wa kwanza. Baada ya alasiri alikwenda uani na kisu kidogo, akayakata majani manne au matano juu kidogo ya kitako chake, ili shada lichipue tena. Akayaosha, akayakunja, akayafunga fundo moja kama mtu afungavyo kamba ya mbuzi, yasije yakatawanyika chunguni. Kisha akachukua kitako kimoja cheupe akakigonga kwa mchi mara mbili, si zaidi. Maji yalipotokota juu ya mafiga akayatumbukiza, akafunika, na papo hapo akaiepua sufuria, akatandaza kitambaa kibichi juu ya kifuniko. Nikamwuliza kwa nini asiyaache yachemke mpaka yakolee. Akanijibu kwamba ukiuacha mvuke utoke, nyumba ndiyo itakayolala, na wewe utabaki macho. Wakati huo mwadhini wa kijiji alikuwa anaadhini magharibi, akaniagiza nikatawadhe. Tulipomaliza kusali mchaichai ulikuwa umeiva, kwani hicho ndicho kipimo chake cha dakika, tangu ujana wake, na saa ya ukutani sikuiona katika nyumba ile. Tulinywa kibarazani, bila sukari, kikombe kimoja kila mtu, pole pole, tukatazama wapita njia wakirudi na makanda ya karafuu kichwani mpaka wakawa vivuli, na kutoka vivuli wakawa sauti za salamu tu.

Kikombe kimoja! Mimi niliyesafiri siku tatu niliona kwamba dawa hiyo ni haba mno kwa maradhi ya miezi mitatu. Basi wenyeji walipokwisha ingia ndani nikainyemelea sufuria, nikanywa iliyobaki yote, vikombe vinne au vitano, nikaingia ndani ya chandarua nikiwa na matumaini makubwa. Nililala. Saa sita kibofu kikaniamsha, nikatoka nje na tochi. Saa nane kikaniamsha tena, na safari hii, nilipokuwa narudi, kiumbe kimoja juu ya mkarafuu kikaguna mara moja, kikanyamaza, kikaguna tena, sauti moja ile ile, kama mtu anayeitikia hotuba asiyoipenda. Huyo ndiye bundi wa Pemba. Sote tumelelewa na habari za bundi na mauti, na elimu yangu yote haikunifaa kitu. Nilikaa kitandani macho makavu mpaka alfajiri nikiwaza kijiji kizima kimemsikia, na kwamba kesho watamtafuta maiti au mgeni. Asubuhi nilipomwambia bibi kuhusu bundi alishangaa kwamba nimemsikia, maana kwake yeye, alisema, huyo yupo kila siku, na mtu aliyelala hamsikii.

Siku ya pili kichwa kilianza kuniuma, maumivu mazito nyuma ya macho, na siku ya tatu yakazidi. Nilidhani ni homa. Bibi aliniwekea mkono kwenye paji la uso, akautoa. "Chai inakudai," akasema. Nilikuwa nimekwisha soma mahali, katika siku zile za kutafuta dawa kwa kila njia, namna jambo hili lilivyo, lakini kusoma na kudaiwa ni vitu viwili. Wataalamu hueleza kwamba katika ubongo wa mtu aliye macho hukusanyika, saa baada ya saa, kitu kiitwacho adenosini, ambacho kadiri kinavyozidi ndivyo mtu anavyosikia uchovu. Nikakifananisha na karani wa mizani anayeandika kila mzigo unaoingia ghalani. Kafeini iliyomo katika chai na kahawa huja ikakaa kwenye kiti cha karani huyo, mizigo ikaendelea kuingia na daftari likabaki jeupe. Tena haiondoki upesi: kwa watu wengi huchukua kama saa tano ndipo kafeini ipungue nusu, kwa hiyo chai niliyokuwa nainywa mezani kwangu saa nne za usiku, nusu yake bado ilikuwa inanitumikia saa tisa. Na mtu aliyezoea kuinywa kwa wingi akiikata ghafula, kichwa humwuma siku mbili tatu au zaidi. Miezi mitatu nilikuwa natafuta mwizi wa usingizi wangu nyumba nzima, naye ninamkaribisha mimi mwenyewe kila usiku na kumtilia tangawizi.

Usiku wa nne nililala. Sitaki kuupamba, nililala saa tatu na nusu, nikaamka kwa adhana ya alfajiri, na bundi, kama alikuja, alihutubia wengine.

Mtu aliyepona hupata udadisi ambao mgonjwa hana. Nilikwenda Wawi, karibu na Chake Chake, kuona kiwanda ambacho watu wote wa Pemba hukiita cha makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikichambuliwa, ambavyo badala ya kutupwa hukamuliwa mafuta. Pamoja na makonyo hukamuliwa huko majani ya mdalasini, mkaratusi, na mchaichai wetu. Majani hushindiliwa ndani ya pipa kubwa la chuma, mvuke hupitishwa chini yake, ukapanda na kuichukua ile riha, kisha ukaongozwa ndani ya bomba linalopozwa kwa maji mpaka ukarudi kuwa maji tena, na mafuta yakajitenga. Mafuta ya makonyo, nilionyeshwa, ni mazito kuliko maji, huzama chini; ya mchaichai ni mepesi, huelea juu. Nilisimama mbele ya chombo kile nikaona kwamba kazi ya mitambo ile yote, matanuri yake na mabomba yake, ni kuukamata mvuke usitoroke, na kwamba mwanamke mmoja kijiji cha pili anaukamata kwa kifuniko na kitambaa kibichi. Tofauti ni kwamba mafuta ya Wawi huenda kwenye sabuni na manukato ya watu wasioijua Pemba, na kitambaa cha bibi hukaushwa juu ya ua wa makuti.

Lakini palikuwa na jambo lililonikera moyoni, nalo sikulisema mpaka usiku wa mwisho. Kabla ya safari nilikuwa nimesoma habari za majaribio yaliyofanywa Brazil na kuchapishwa mwaka 1986. Wabrazil nao huunywa mchaichai kwa ajili ya kutuliza roho na kuleta usingizi, na kinywaji hicho kwao huitwa abafado, maana yake kilichofunikwa, jina ambalo nilipoona kile kitambaa kibichi lilinijia kichwani nikatabasamu. Wachunguzi wale waliwapa watu 50 mchaichai na kitu kinachofanana nao kisicho mchaichai, wala wanywaji wala wapimaji wakawa hawajui nani kapewa nini. Na katika kupata usingizi, katika utamu wa usingizi, katika kukumbuka ndoto na kuamka usiku, tofauti haikuonekana. Wakapima na watu 18 wenye wasiwasi mwingi. Matokeo yakawa yale yale. Waliona pia kwamba kinywaji hakiwadhuru. Mimi, kwa tabia yangu, hesabu isiyosawazika hunichoma. Kwa hiyo tulipokuwa kibarazani na vikombe mikononi nilimweleza bibi habari hizo zote, kwa hadhari na taadhima, nikiogopa kumvunjia heshima yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwani nani kakwambia majani yanalaza?" akauliza. "Mimi nakupa upate kitu cha kunywa, usinywe chai."

Akanywa kidogo. Kisha akaongeza kwamba mtu mzima hawezi kukaa magharibi mikono mitupu, lazima ashike kikombe, na kama hukumpa kizuri atakwenda kutafuta kibaya. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa vivyo hivyo na kahawa.

Nilipata kudhani kwamba wazee wa vijijini huyaamini majani kama sisi tunavyoviamini vidonge. Bibi huyu alikuwa na mashaka kunishinda mimi. Jirani mmoja alipokuja kunishauri kwamba maziwa ya moto yaliyokuniwa kungumanga nzima ndiyo yanayolaza kweli, bibi alimfukuza kwa maneno ambayo sitayaandika, na alikuwa na haki, maana chembe ya kungumanga ni kiungo na kungumanga nzima ni sumu: moyo humwenda mtu mbio, kinywa kikamkauka, na akaona yasiyokuwapo. Tangawizi aliikataza usiku kwa sababu ni ya moto, na habasoda vile vile. Maji ya mchaichai aliyahesabu kuwa ya kati. Mizani hiyo ya vitu vya moto na vya baridi, vikavu na vya rutuba, ndiyo ile aliyoiandika Abu Ali Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika Al-Qanun yake, naye aliipokea kwa Wayunani. Imepita milki ngapi na lugha ngapi mpaka kufika kwenye mafiga yale sijui kuihesabu. Bibi hakupata kulisikia jina la Ibn Sina. Nilipolitaja aliniuliza kama ni mtu wa Wete.

Siku ya kuondoka alinichimbulia kishina cha mchaichai na mizizi yake, akakifunga kwa jani la mgomba na kamba ya makumbi, akaniagiza nisikitie mbolea wala nisikipende mno. Bandarini Mkoani askari alitaka kujua nimebeba nini. Nilipomwonyesha akacheka, akaniuliza kama bara hakuna nyasi.

Nimekipanda katika ndoo iliyotoboka, nyuma ya jiko, karibu na mahali pa kumwagia maji machafu. Kimeshika. Sahibu yangu hunitazama afisini kutoka mezani kwake na kunyamaza, na yule aliyetaka ufunguo wa droo ameniomba mche. Nalala saa sita kwa usiku, mara nyingine saba, isipokuwa mwezi wa Juni mahesabu yanapofungwa, ambapo chupa ile ya zamani hurudi mezani kwa hila ambazo mimi mwenyewe sizielewi. Katika mwezi huo bibi alinipigia simu kwa mkono wa mjukuu wake. Tulisalimiana, akauliza watoto, akauliza mche, akauliza kama naufunika. Nikamjibu yote kwa ukamilifu. Ndipo akaniuliza kama chai ya rangi nimeiacha, nami, nikiwa nimeshika kikombe mkononi, nikapaza sauti nikamwambia kwamba mtandao wa leo ni mbaya, simsikii.